Usiondoke kwa Mama Shiru Kama Nilivyoondoka Mimi

Takwenya, entito ai, binti yangu.

Kabla hujasoma mbele, itikia salamu ya Kimaasai, sema "iko" kama binti aliyelelewa na watu. Jibu kwa sauti, hata kama mama yako atauliza unaongea na nani. Barua hii nimeiweka ndani ya kiatu chako cha kukimbia, cha kulia, kwa sababu najua kesho asubuhi hicho ndicho utakitafuta kabla ya kuosha uso.

Saa hii ni jioni. Mama yako anapika chapati utafikiri unaenda kufungua hoteli, si kuingia jeshi. Wewe uko nyuma ya nyumba, nakusikia ukipiga pushapu na kuhesabu. Umefika thelathini na nane. Umeruka thelathini na saba lakini sitasema kitu.

Mambo ya soksi, mafuta ya kujipaka, na kutokopesha mtu sabuni, mama yako amekuandikia kurasa mbili na nusu. Hayo sitayagusa. Mimi niko na jambo moja tu, Nashipai, na ni habari ya Mama Shiru. Usikunje uso. Nakuona hata kama sikuoni.

Ulipopita usaili kule Kajiado mwezi uliopita, ukawaacha wasichana wa watu wakitafuta pumzi uwanjani, nililia. Nilikuambia ni vumbi. Haikuwa vumbi. Halafu barua ya kukuita ikaja, nikakuuliza swali moja la mzazi: umemwambia Mama Shiru? Ukaniambia, "Baba, nitamtumia meseji nikishafika."

Meseji! Mtu amekupa kazi miaka mitatu, amekuachia ofisi, simu ya oda za maji na ufunguo wa kabati, umuage kwa meseji kutoka kambini? Lakini nikaliacha hapo, kwa sababu ukaniambia, "Baba, yule mama ana mdomo. Dereva wa mwisho kuacha kazi alisomewa maovu yake yote mbele ya wateja, mpaka ya harusi yake." Hiyo ni kweli. Mimi nilikuwa pale. Na maovu ya harusi yalikuwa ya kweli pia.

Basi Jumatatu iliyopita ukampigia simu na sauti ya mtu anayezikwa, ukamwambia uko na typhoid.

Mwanangu, mimi nimedanganya katika maisha yangu, na hapa chini utasoma. Lakini uongo wa ugonjwa haufai kwa Mama Shiru, kwa sababu yeye haamini hospitali, anaamini supu. Tangu siku hiyo chupa nyekundu ya chai imekuja hapa kila asubuhi imejaa supu ya mifupa, na ndimu juu yake, na kikaratasi: "Ya Nashipai peke yake." Wewe ulikuwa umeshaenda mbio zako mpaka karibu na Isinya. Mama yako alikataa kuigusa, akasema ni supu ya dhambi. Nani aliinywa? Usiulize. Mshipi wangu umesogea tundu moja.

Halafu akaanza kunipigia simu. "Baba Nashipai, mgonjwa anaendeleaje?" Nikasema, "Anajikaza." Na wewe ulikuwa mbele yangu umening'inia kwa bomba la chuma lile tunaloanikia nguo, ukijivuta kwa mikono. Jumapili akapeleka jina lako kanisani. Akina mama wa ushirika waliombea matumbo yako dakika kumi na tano, Nashipai. Mmoja alilia. Mama yako alikuwa ameketi katikati yao, na ilibidi aseme amina. Aliporudi nyumbani hakuongea na mimi mpaka jioni, kana kwamba typhoid nimeileta mimi.

Mpaka hapo mimi nilikuwa nacheka. Leo asubuhi kicheko kikaisha.

Mama Shiru alinipigia saa tano, na hakuuliza mgonjwa. Alisema, "Baba Nashipai, kitabu cha oda hakisomeki." Kile kitabu chako. Wewe unakielewa, umekiandika kwa alama zako. "Mama D, mbwa." "Geti bluu, X." "Nasari, nyota." Dereva alienda kwa Geti bluu akapanda na mpira, akamwaga lori nzima kwenye tangi la juu. Kumbe X yako maana yake ni tangi limepasuka, jaza la chini. Maji yote yalishukia kwa jirani, kwa banda la kuku. Kuku waliogelea, mwanangu. Na jogoo alipanda juu ya paa akakataa kushuka. Lakini nyota ndiyo iliniumiza. Nyota kumbe ni kwamba nasari ile haina tangi la akiba, ipelekewe wa kwanza. Ikapelekewa wa mwisho. Kufika saa nne watoto wameshafungiwa mlango wa choo na kurudishwa nyumbani, na walimu wanatafuta wazazi kwa simu.

Nilipokata simu niliketi pale kwa jiwe la karibu na zizi la mbuzi. Nikajiambia, Lemayian, hii unaijua. Maji yamewahi kupotea hivi, na aliyeyapoteza ni wewe.

Sasa sikiza. Hii hujawahi kuambiwa, kwa sababu mama yako aliniapisha nisiiseme mbele ya watoto mpaka mtoto mwenyewe awe amejua kufunga mdomo. Kesho utakuwa askari. Basi.

Unajua nilikuwa dereva wa lori ya maji ya Mama Shiru. Hujui kwamba kazi hiyo niliwahi kuiacha, na niliiacha kwa ajili ya jeshi. Si kwamba nilikuwa nimechukuliwa kama wewe. Wapi! Nilikuwa nimesikia tu tangazo kwamba Jumamosi watu watasajiliwa Kajiado. Kijiji kizima kilikuwa kinaniambia nina kifua cha jeshi. Mama yako peke yake ndiye aliyeniuliza, "Na wakikukataa?" Nikacheka. Nikamwambia anikatae mimi nani?

Jumamosi hiyohiyo ilikuwa ruracio ya Shiru, siku ya binti wa Mama Shiru kuletewa mahari. Wageni wa upande wa bwana walikuwa wanatoka Nyeri na mahari yao, wazee na makoti, mabasi mawili. Hema limesimama, masufuria kama matangi, na maji yote ya kupika, kunywa na kunawa yalikuwa kwenye lori yangu. Lita elfu kumi. Nilifika getini saa kumi na mbili asubuhi nikamwambia Mama Shiru naenda jeshi. Akaniambia kwa upole kabisa, na hapo ndipo ninapojichukia: "Shusha maji kwanza, halafu nenda. Jeshi haliendi mahali."

Dakika kumi na tano, Nashipai. Ndiyo tu alikuwa anataka. Mpira uko pale, tangi liko pale. Lakini kulikuwa na vijana wanafunga hema, wananitazama, na mimi kichwani nilikuwa nimeshavaa buti. Nikasema kwa sauti ili wote wasikie: "Kuanzia leo mimi ni mali ya serikali. Sibebi maji ya mtu!" Nikazunguka nyuma ya lori, nikafungua koki yote, nikarusha ufunguo juu ya ua, nikaondoka nikitembea kwa miguu, mikono ikipiga kama ya gwaride. Nyuma yangu barabara imekuwa mto. Wahenga walisema maji yakimwagika hayazoleki. Hakukuwa na haja nithibitishe na lita elfu kumi.

Kajiado nilifika nikiwa wa mbele kwenye foleni. Kifua nje. Afisa akaniomba kitambulisho. Akakisoma, akanitazama, akakisoma tena.

Hapa lazima nikuambie uongo wangu wa kwanza. Nilipokuwa kijana nilitaka sana kuendesha lori, na umri ulikuwa haujafika. Siku ya kuandikishwa kitambulisho, mjomba wangu aliulizwa nilizaliwa lini. Kwetu wakati huo mtoto alihesabiwa kwa ukame na kwa ng'ombe waliokufa, nani aliandika tarehe? Mjomba akanitazama, nikamkonyeza, akataja ukame mwingine wa nyuma. Nikaongezeka miaka minne papo hapo. Ndiyo nikapata kitambulisho, na leseni, na lori. Kwa hivyo asubuhi hiyo kwa mama yangu nilikuwa na miaka ishirini na minne, na kwa serikali nilikuwa na ishirini na minane.

Yule afisa hakunitukana. Ingekuwa afadhali. Aliniambia kwa heshima, "Mzee, umri umepita. Rudi tu kazini kwako."

Kazini kwangu! Saa nne haikuwa imefika.

Nilirudi hapa kwetu Kitengela nikipitia nyuma ya nyumba za watu. Habari za ruracio zikanitangulia. Chakula kilichelewa mpaka saa kumi wakitafuta maji kwa majirani, ndoo kwa ndoo. Na kunawa mikono? Wageni wa Nyeri walinawishwa kwa soda. Soda ya machungwa, Nashipai, ndiyo iliyokuwa nyingi. Wazee walikula nyama na vidole vinanata. Nzi walialikana. Inasemekana wazee wawili walipeana mkono wa makubaliano ya mahari na wakashindwa kuachana. Sijui kama ni kweli, lakini mpaka leo mimi sinywi soda hiyo.

Watu walicheka, na wewe sasa unacheka. Cheka tu. Lakini kuna sehemu haichekeshi, na nitaisema mara moja. Ilikuwa kiangazi. Lori ya Mama Shiru ndiyo pekee iliyokuwa inafika upande wetu. Hakutangaza kwamba ametunyima. Ilikuwa inapita tu mlangoni bila kusimama. Mama yako, na wewe uko tumboni, akawa anachota maji mbali na mtungi wa plastiki mgongoni, na mimi niko kwa kwari navunja mawe. Akirudi hakuninung'unikia hata siku moja. Aliutua mtungi chini, akanitazama, akaingia ndani. Nilitamani anipige. Hiyo inaniuma hata leo nikiandika.

Kuna msemo, usitukane wakunga na uzazi ungalipo. Mimi nilidhani ni maneno ya shule.

Mvua ya Aprili ikaja, mchana mmoja uchungu ukamshika mama yako. Ule udongo wetu mweusi ulikuwa umegeuka gundi. Boda boda ya kwanza ilizama hapo kwenye mti wa mwiba. Ya pili ilikataa hata kuja. Jirani alipiga simu huku na huku, na mimi nilikuwa nazunguka nyumba kama kuku. Ndipo nikasikia honi ninayoijua.

Lori ya maji. Na nyuma ya usukani ni Mama Shiru mwenyewe, gamubuti miguuni, kilemba kimeenda upande. Hakuwa na leseni ya lori. Akafungua mlango akaniambia, "Sijakuja kwa sababu yako. Toa hiyo miguu yako hapo nimchukue mama." Mama yako akalazwa juu ya viti, kichwa kwa paja la jirani. Nafasi yangu haikuwepo. Nilipanda ngazi ya nyuma ya tangi, nikalikumbatia, na mvua ikinipiga mgongoni mpaka hospitalini. Kila shimo alilopita, nilisikia akitukana, na najua alikuwa anatukana mimi. Mashimo mengine alikuwa anaweza kuyakwepa.

Hatukufika ndani. Ulikuja getini, Nashipai. Manesi wakiwa wanakimbia na machela, Mama Shiru alikuwa ameshakupokea kwa leso yake. Ulipiga kelele mpaka mlinzi akavua kofia. Walipomchukua mama yako na wewe, Mama Shiru akashuka, akazunguka nyuma ya lori, akafungua ile koki, ileile, akanawa mikono polepole mpaka kwenye kiwiko. Akanitazama nimelowa kama panya. Akasema, "Angalau leo nimenawa na maji."

Ngai! Nilicheka nikilia, nikalia nikicheka. Wewe umekuwa ukiambiwa jina la Wanjeri ulipewa kwa sababu ya urafiki wa familia. Ni lake, ulijua. Sasa unajua lilivyofika kwako.

Jumatatu yake alipita kwa kwari, akarusha ufunguo miguuni pangu bila kuzima injini. Nikaendesha lori ile miaka kumi na saba, mpaka mgongo ukakataa. Na katika miaka hiyo yote, mwanangu, sijawahi kumwambia pole. Siku ya kwanza niliona aibu. Mwezi wa pili nikaona nimechelewa. Mwaka wa tano nikaona sasa nitaanzia wapi. Kila Desemba nampelekea mbuzi. Anaipokea, anaizunguka, anasema, "Hii mbuzi imenyamaza kama mwenyewe." Ninacheka, narudi nyumbani. Neno moja, Nashipai. Mbuzi ishirini na mbili nimezipitisha badala ya neno moja.

Sasa, leo. Baada ya ile simu ya kuku na nasari, nilivaa shati safi nikaenda ofisini kwake. Nilimkuta na miwani puani, ameshika kitabu chako kichwa chini miguu juu. Nikasimama. Nikamwambia, "Mama Shiru, Nashipai hana typhoid. Amechukuliwa jeshi. Anaondoka kesho."

Akafunga kitabu. Halafu akauliza, "Na supu yangu?"

Nikasema, "Nilikunywa mimi."

"Nilijua. Mgonjwa wa typhoid harudishi chupa ikiwa imelambwa hivyo." Akavua miwani. Nilidhani anaanza kusoma maovu yangu, nikatazama mlango uko wapi. Kumbe anafuta macho. Akasema, "Huyo mtoto nilimshika mimi kabla ya mama yake. Alifikiri nitamzuia? Mimi ningemnunulia sanduku." Halafu mdomo ukarudi mahali pake, akaniambia wewe ni mwoga kama baba yako, na kwamba mbio zako anajua umezirithi wapi, kwa sababu alishaniona nikikimbia.

Kwa hivyo jua hivi: hakuna mtu alikuwa anataka kukufungia mlango. Ulikuwa unamtoroka mtu ambaye angekusindikiza. Kuaga si kuomba ruhusa. Mimi nilichanganya hayo mawili, nikaona mtu akiniambia "shusha maji kwanza" ananizuia maisha yangu. Alikuwa anataka tu nisiache wageni wake na mikono michafu. Na wewe, huko unakoenda watakufundisha kukabidhi zamu, sijui mara ngapi kwa siku. Anza na hii ya nyumbani. X na nyota ameshazijua kwa hasara. Mwambie alama zilizobaki ni nini, na mbwa wa Mama D anatulizwa na nini, kwa sababu dereva ameshaumwa mguu wa suruali.

Chini ya barua hii kuna karatasi tupu na kalamu. Andika mistari mitatu ya kuacha kazi. Weka asante ndani. Usiweke typhoid.

Nafikiri umeshaanza kushuku. Ndiyo. Kesho hutaenda na gari ya abiria. Saa kumi na mbili utasikia honi getini, na unaijua. Mama Shiru amesema aliyekuleta duniani na lori ya maji ndiye atakayekupeleka jeshini na lori ya maji, na kwamba akina mama wa ushirika watakuwa wamesimama hapo barabarani kuona muujiza wa uponyaji, kwa hivyo jiandae kuonekana mzima. Siku hizi ana leseni, usiogope. Kutoka hapa mpaka Kajiado, mnakokusanyika kuchukuliwa na jeshi, ni kama saa moja ukiendesha kwa mwendo wake. Hiyo saa moja inakutosha kueleza kitabu kizima, kurasa zote, na kupokea maneno yako yote unayostahili. Chupa nyekundu itakuwepo. Safari hii unywe mwenyewe.

Viti vya mbele ni vitatu. Yeye kwa usukani, wewe dirishani, mimi katikati. Nimeomba kuja, na nimeomba kuanza kuongea mimi kabla yako. Neno langu nimelifanyia mazoezi tangu mchana huko nyuma kwa zizi, mbele ya mbuzi wa Desemba. Mara ya kwanza sauti ilikatika. Mara ya tatu imetoka yote, na mbuzi ameendelea kutafuna, kwa hivyo nadhani inaweza kusemwa na mtu asife.

Nikimaliza kusema langu, nitakugusa na kiwiko. Usiniangushe. Wewe umechelewa wiki moja tu, Nashipai Wanjeri. Mimi nimechelewa umri wako wote.

Ukisikia honi, toka.

Baba yako,
Lemayian